Jinsi mgeni wa Kiyahudi alivyopata watu kumi mtaani kwetu Sur

Wakuu, salaam kwenu nyote. Na wale mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona pia.

Kuna sauti haijanitoka kichwani mpaka leo. Ni ya ndara kuvuliwa mlangoni kwetu. Pa, pa, halafu kimya, halafu pa, pa tena. Kila nikidhani zimekwisha, zinakuja nyingine.

Nitaeleza ilivyokuwa na sitatia chumvi. Chumvi yenyewe siku ile ilikuwa imeshazidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nafanya kazi gesti moja ndogo hapa Sur, Oman. Shule niliishia sekondari, mitihani ikanikataa na mimi sikuilazimisha. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kutandika vitanda, na kuota kwamba siku moja nitakuwa na gesti yangu mwenyewe yenye mapazia ya manjano.

Wageni wengi walikuja kwa ajili ya kasa wa ufukwe wa Ras al Hadd. Wanakwenda kumwangalia kasa akitaga, wanarudi wamenyamaza kama wametoka msikitini.

Ndio akaja Bi Naomi. Mwingereza, mwalimu mstaafu, umri kama miaka sitini. Asubuhi ya kwanza namtilia chai akaniambia yeye ni Myahudi, kwa sauti ile ile aliyoombea sukari.

Sikuwahi kumwona Myahudi. Nikamuuliza kama anakula nguruwe. Akasema hali. Nikamwambia basi hapa Sur atakaa raha mustarehe.

Nilikuwa na maswali mengi. Akasema niulize tu, kwao swali si utovu wa adabu. Sinagogi lake ni la Wayahudi wanaoitwa wa kimaendeleo, yaani dini ni ile ya zamani lakini wanakaa chini na kuulizana upya nini ni haki leo. Rabi wao ni mwanamke. Wanasema dunia ina nyufa, na kila mtu kapewa ufa wake wa kuziba. Na mgeni asionewe, kwa sababu na wao walikuwa wageni Misri.

Hilo la mgeni lilinikaa.

Mama yangu kazaliwa Tabora. Kule akiitwa Mwarabu. Kaja Oman Kiarabu hajui, akaitwa Mzinjibari, na Zanzibar hajawahi kuikanyaga. Jirani yetu Bi Zuwena, ambaye ndiye Mzanzibari wa kweli, mpaka leo humwambia, "Bi Asha, Kiswahili chako hicho cha porini utatuharibia watoto."

Tuendelee.

Siku moja baada ya alasiri Bi Naomi akashuka resepsheni kabeba mshumaa ndani ya glasi, uso umemwanguka. Alikuwa kakosea kalenda. Kalenda yao ya dini inafuata mwezi wa angani, kwa hiyo siku aliyokufa mamake inahamahama. Yeye alipanga safari kwa kalenda ya Kizungu, akidhani siku ikifika atakuwa ameshafika kwao. Kumbe inaingia magharibi ile ile.

Sikuhitaji kuelezwa kwa nini siku inaanza magharibi. Na sisi ni hivyo hivyo.

Anatakiwa awashe mshumaa na asome dua yao, inaitwa Kadishi. Mshumaa gesti inakataza, kwa sababu ya mapazia. Na dua haisomwi peke yako. Wanatakiwa watu kumi.

Hapo akanisimulia. Bibi yake alipokufa, kwenye sinagogi la zamani walikuwepo wanaume tisa. Mamake Naomi, binti wa marehemu, amesimama pale pale. Wale wanaume wakatoka barabarani kumtafuta wa kumi. Mamake hakugombana na mtu. Alihamia kwenye jumuiya ambayo mwanamke anahesabiwa, akafia huko. Bi Naomi akamuahidi mamake dua kila mwaka, ndani ya watu kumi, na hajakosa hata mmoja.

"Mwaka huu nitavunja ahadi," akasema. "Ngoja nikauwashe kwenye sinki."

Mtu awashe taa ya mamake kwenye sinki la kunawia mikono!

Nikampigia mama simu. Nikamwambia kuna mgeni ana msiba wa mama yake na hana pa kuwasha mshumaa. Kabla sijamaliza akasema, "Mlete, nyumba ipo," akakata.

Sasa wakuu, hapa mnielewe. Mama alipoweka simu alikwenda ukutani kwa Bi Zuwena. Na Bi Zuwena akiambiwa kitu, mpaka mji wa pili, Tiwi, wameambiwa. Na kwetu mtu akifiwa haulizwi kama anahitaji watu. Watu wanakwenda.

Tukafika. Bi Naomi akampa mama shikamoo niliyomfundisha, mama ambaye ni mdogo kwake, na mama akaipokea bila aibu. Akawasha mshumaa, akauweka juu ya sinia.

Hapo ndipo ndara zikaanza.

Wanawake wanaingia na masufuria ya wali, wanamshika mikono. "Pole, mama. Ndio dunia." Mimi natoa vikombe vya kahawa kila anapoingia mtu. Bi Naomi ananitazama. Mimi natazama masufuria.

Bi Zuwena alipokaa vizuri akanigeukia. "Muulize dini gani, tujue la kusoma."

Nikauliza. Bi Naomi akajibu, na wote wakaniangalia mimi niliyejua Kiingereza. Wakuu, neno Mkristo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamfikiria yule mwanamke aliyesimama pale pale na hakuhesabiwa.

"Ni Myahudi," nikasema.

Wote wakamgeukia mama. 

"Na mamake ndiye aliyefariki?" mama akauliza.

"Ndiye."

"Basi mmiminie kahawa, mbona umesimama kama mlingoti?"

Tungeishia hapo salama. Lakini Bi Zuwena akataka kujua kama maiti imeshazikwa, au anasubiriwa yeye arudi.

"Alizikwa," nikasema. "Miaka sita sasa."

Bi Zuwena akaruka alipokaa.

"Miaka sita! Wallahi mimi nimeacha samaki motoni! Bi Asha, nyie watu wa bara mnatangaza misiba iliyoota majani!"

"Nimeambiwa msiba nikasema msiba," mama akajibu. "Ulitaka nimdai cheti?"

Bi Zuwena akautazama mlango. Akautazama mshumaa.

"Khalas," akasema. "Tumeshavua viatu."

Hakuna aliyeondoka.

Nikaona macho ya Bi Naomi yanatembea taratibu, kichwa kwa kichwa. Nikajua anafanya nini. Waliokaa walikuwa tisa, naye akiwemo. Mimi nimesimama na dalla, birika la kahawa.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, sisi tunahesabika? Hakunidanganya. Akasema kwa sheria wanaohesabiwa ni Wayahudi, hata kwao. "Nikirudi nitawauliza, na watabishana mpaka chai ipoe. Lakini leo siwezi kumruka mtu aliyeniletea wali."

Nikaweka dalla chini. Nikakaa.

Akasoma. Kila alipofika mahali pa amin, tuliitikia amin. Katikati Bi Zuwena akaninong'oneza, "Kasema sama, mbingu, kama Kiarabu. Nimesikia kabisa." Baadaye Bi Naomi aliniambia dua ile haimtaji maiti wala kifo, ni kumtukuza Mungu tu mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza alilia kidogo, kisha akala wali, akaongeza.

Samaki wa Bi Zuwena waliungua wote. Anawataja mpaka leo. Yule Myahudi hajawahi kumtaja kwa ubaya.

Nilichojifunza ni hiki. Maneno mazuri kila watu wanayo, na mimi niliyasikia asubuhi nyingi nikimimina chai. Ila siku watu wanapopungua mmoja, ndipo unapojua nani anahesabiwa mtu.

Karibuni mseme yenu. Mwenye kutukana atukane taratibu, mama huwa anasoma humu.

Ah, nimesahau kimoja. Walipokwisha ondoka nilikusanya vikombe, nikakuta tisa. Wakati wa kuvitoa sikujitolea changu, ndio mazoea. Nikaenda kabatini nikachukua cha kumi, nikamimina kahawa iliyobaki, imeshapoa. Nikarudi nikakaa pale pale nilipokuwa nimekaa, mshumaa bado unawaka, nikainywa yote.