Mama Juu ya Bati

Juzi nikiwa juu ya paa la kambi ya watalii hapa Robanda, binti wa jikoni aliniuliza kutoka chini ni nini kilinivuta kwenye kazi ya wanaume. Nikamjibu nilisomea chuoni, nikaendelea kupiga misumari.

Lakini bati lililochomwa na jua lina harufu yake, na harufu ile ilinirudisha nyumbani, nikiwa mtoto mdogo. Baba alikuwa amefukiwa na shimo la dhahabu. Kaburi lake lilikuwa bado udongo mbichi kando ya nyumba. Upepo ulikuwa umelegeza bati juu ya kitanda chetu, na kila mvua ikija tulitega sufuria. Baba mkubwa aliahidi kuja kutengeneza. Tulimsubiri mpaka mchana mmoja mama akaegemeza ngazi, akaweka misumari mdomoni, akapanda.

Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni akipiga kelele. "Mama Ghati, shuka! Mwanamke akipanda juu ya nyumba, mume wake anakufa!"

Mama akatoa misumari mdomoni. "Kwani mama, atakufa mara ngapi?"

Mimi nilidhani anauliza kweli. Nikaenda kukaa kando ya kaburi, nikaweka mikono juu ya udongo, nimshike baba asife tena. Nyundo iligonga, ikagonga. Udongo haukutikisika. Sikulia. Nilikuwa nasubiri tu.

Mvua ilipoanza niliingia ndani, nikatega sufuria mahali pake. Ilikaa pale mpaka mvua ikakatika, haikupata hata tone.