Mashine ya kufua niliyonunua bila kuuliza ni ya kufua nini

Wakuu, habari za huko mliko. Huku kwetu kwenye majani chai mvua imeshuka saa nane, kama kawaida yake.

Nimeona mdau ameuliza mashine gani ya kufua ni ya kuaminika na inadumu. Nimesoma majibu yote, na kila mtu anataja kampuni yake. Mimi sitataja jina lolote. Nitasimulia yaliyonipata miaka ya tisini, bila kutia chumvi, maana mke wangu naye husoma humu na atanisuta.

Ni ndefu kidogo. Wale wa "fupisha uzi" mnaweza kupita, hakuna ubaya.

Miaka hiyo nilikuwa mtu wa maintenance kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Boiler, feni za kunyausha majani, mashine za kukata, zote zilipita mikononi mwangu. Nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa na duka.

Tulikuwa na shamba letu dogo, ng'ombe wawili, na watoto wawili wa shule. Stima tulikuwa nayo kwa sababu laini ya kiwanda ilipita karibu. Mke wangu, Chelang'at, ndiye aliyechuma majani na kuyapeleka buying centre, pale yanapopimwa na kununuliwa.

Sasa, mama yake Chelang'at alikuwa akiishi Soin, kule chini kwenye joto. Watoto wangu walimwita Gogo, yaani nyanya, na mimi humu nitamwita hivyo hivyo. Alipata stroke ikamlaza upande mmoja. Mtoto wake wa pekee wa kiume alikuwa ameshafariki, kwa hivyo hakukuwa na wa kumtunza. Tukamleta kwetu.

Kwa wasiojua, kwetu kuna heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humsalimii kwa mkono. Huli naye. Mkikutana njiani mnapishana mbali. Na chumba anacholala huingii kabisa. Si chuki, ni adabu tuliyoikuta. Kuishi naye boma moja ni jambo lililowafanya hata majirani wakohoe.

Nilimpa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa nje na pazia. Miezi ikapita. Nilijua yuko kwa kusikia kikohozi chake tu.

Siku moja Chelang'at akaniambia, "Baba Kiprono, nguo imekuwa mingi."

Nikamwuliza, "Mingi namna gani? Si sisi ni wale wale?"

Akaangalia chini. "Imekuwa mingi tu."

Mikono yake ilikuwa imepasuka, nikadhani ni majani na baridi. Sikuuliza tena. Nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mume anayeelewa haraka, nikaamua nikipata bonasi namnunulia mashine.

Niliingia duka moja Kericho mjini nikiwa na kalamu na karatasi. Nilimhoji yule muuzaji kuhusu mota, bearing, mikanda, warranty. Alitoa jasho. Nikachagua ile ya kufunguka mbele yenye kioo, fully automatic, yenye vitufe vingi na kitabu cha maelezo kinene. Chelang'at alipoiona akashika mdomo. Jioni hiyo tayari ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio.

Wiki ya kwanza ikaanza kunitia aibu.

Tangi letu la maji ya mvua lilikuwa juu ya mawe matatu, presha hakuna. Mashine ilikaa ikisubiri maji mpaka inakata tamaa. Yakifika, kiwanda kinawasha feni, stima inashuka, taa inakuwa ya manjano, na mashine inasimama katikati na nguo ndani, mlango umejifunga. Mzunguko mmoja ulikula asubuhi nzima. Na haikumeza hata blanketi moja.

Mnajua nilifanya nini? Nilimlaumu mke wangu.

Nilimwambia anaijaza kupita kiasi. Nilimwambia akipewa kitu kizuri anakiharibu. Haya maneno nayaandika nikiwa na miaka mingi kichwani na bado yananichoma. Alirudi kwenye karai lake.

Huku kwetu kufua si shida kubwa. Shida ni kukausha. Kule Soin unaanika shuka, unakunywa chai, unaitoa imekauka. Huku unaanika asubuhi, mvua inakuja alasiri, unaanua ikiwa mbichi vile vile. Nilikuwa nakuta shuka zimetundikwa jikoni juu ya moto, zinanuka moshi, na bado zina unyevu. Nilidhani ni za watoto. Mtu wa mashine, lakini kuhesabu shuka za nyumba yangu sikuweza.

Mwishowe mashine ikagoma kabisa, imejaa maji. Nikaita fundi kutoka mjini, mzee mmoja anaitwa Gachanja, Mkikuyu aliyefungua kibanda chake Kericho tangu ujana. Akapiga magoti, akafungua kichujio cha pampu pale chini. Yakatoka maji meusi, pamba, na vipande vya karatasi ya nailoni.

Akavishika kwenye kiganja. Akanitazama.

"Mzee, hii mashine ni ya kufua nini hapa?"

"Nguo," nikasema.

"Nguo ya nani? Shati ya ofisi? Nguo ya mtoto? Kitanda?"

Chelang'at alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akaiweka chini. Hakunigeukia mimi, alimgeukia fundi, na akaongea Kiswahili, lugha ambayo sisi wawili nyumbani hatukuwa tukiitumia. Nafikiri kwa Kipsigis, lugha yetu, yale maneno yasingetoka mbele yangu.

"Fundi, ni shuka ya mgonjwa. Mara nne kwa siku, saa ingine hata mara tano. Hawezi kujizuia. Ile nailoni ni ya kuweka chini yake. Sista wa dispensary alisema akilalia maji atatoka vidonda. Na ameshatoka. Viwili, huku mgongoni."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale na nilijiona sipo.

"Sasa kwa nini hukuambia mzee?" fundi akamwuliza kwa upole.

"Ningemwambiaje? Huyo ni mama mkwe yake."

Wakuu, nilitoka nje nikasimama kwenye chai yangu. Nililia, sifichi. Yule mama alikuwa akioza mgongo ndani ya boma langu, mke wangu akikamua shuka kwa mikono iliyopasuka, na mimi nimewaletea kioo na vitufe. Hakuna aliyenidanganya. Heshima yetu ndiyo iliyoziba masikio yangu, na mimi nikaiachia izibe kwa sababu ilikuwa rahisi.

Niliporudi, Gachanja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe hauhitaji mashine ya kufua," akaniambia. "Unahitaji ya kukamua. Na hiyo usitafute dukani. Tafuta mahali imekuwa ikifanya hiyo kazi yako kila siku na haijakufa."

Akanipeleka Chepseon kwa mama mmoja aliyekuwa akifunga lodging yake. Nyuma kulikuwa na twin tub kuukuu, rangi imetoka, upande mmoja wa kufua, upande wa pili wa kukamua. Ilikuwa imefua shuka za wageni miaka na miaka.

Pale ndipo nilipojifunza kununua mashine, kwa mzee wa kibanda. Hakuangalia rangi hata kidogo. Aliomba blanketi, akaliloweka, akalitia kwenye spinner, ule upande wa kukamua, akafunga. Akaweka kiganja juu ya kifuniko kusikiliza mtetemo. Akaiacha mpaka ikasimama yenyewe, akiangalia breki inashika baada ya muda gani. Akaizungusha kwa mkono kutafuta kama bearing inasaga. Vitufe hakuna, ni swichi mbili za kuzungusha. Maji unamwaga kwa ndoo, kwa hivyo presha haikuhusu. Stima ikishuka inapunguza mwendo tu, ikirudi inaendelea.

Alipotoa lile blanketi aliniwekea shavuni. Lilikuwa baridi, lakini maji hayakutoka. Nikalipa pale pale. Ile ya kioo niliiuza kwa mtu wa mjini mwenye maji ya bomba, na nasikia yeye ilimfaa.

Lakini twin tub inataka mtu. Lazima usimame, utoe nguo huku, uweke kule. Chelang'at hangeweza kusimama hapo, kugeuza mgonjwa, na kuchuma majani. Nikamwambia, "Hiyo kazi nitaifanya mimi."

Akaogopa. "Shuka za mama? Akijua atakufa na aibu."

"Basi asijue."

Ikawa hivyo. Nikitoka shift, nakuta karai nje ya pazia, limefunikwa. Nalibeba, nafua, nakamua, naanika chini ya paa la zizi. Shuka ikitoka kwenye spinner, saa moja ya upepo inatosha hata kama mvua inanyesha. Mara ya kwanza nilifunga macho, si kwa kinyaa, ni kwa haya. Baada ya wiki mbili zilikuwa shuka tu.

Vidonda vikaanza kufunga. Sista alipokuja akamwuliza Chelang'at anatumia dawa gani. Akamjibu, shuka kavu.

Gogo aliambiwa ni mashine inayofanya yote. Alikubali kwa miezi kadhaa.

Halafu siku moja kukawa na jua, nikasahau, nikaanika kwenye kamba ya upande wa dirisha lake. Nilipoinua kichwa nikaona pazia limesogezwa kwa mkono wake ule mzima. Tukaonana macho kwa macho, mara yetu ya kwanza ndani ya mwaka mzima. Nikaacha shuka inaning'inia upande mmoja nikaondoka.

Siku mbili hakula. Chelang'at alibembeleza wee, wapi. Mimi nilijua ni kwa sababu yangu. Nilijiambia, nimemkausha mgongo nikamvunjia heshima yake, sasa atakufa kwa hilo.

Siku ya tatu asubuhi akanywa uji. Chelang'at akaja kwangu nikiwa navaa buti za kazi.

"Mama anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Anasema uingie ndani. Ana neno."

Nilikwenda mpaka kwenye pazia. Nilisikia anapumua. Akasema kitu, lakini ulimi ulikuwa mzito tangu ile stroke, sikushika vizuri. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa pazia.

Nikasema, "Nimesikia, mama. Nikitoka kazini nitakuja."

Nikaenda kazini. Nilipotoka nilipitia kwa jirani. Kesho yake nikajiambia ngoja mwisho wa wiki. Siku zote hizo shuka niliendelea kufua, karai lilikuwepo pale pale nje, nalichukua na kuondoka haraka.

Ijumaa alifariki, mchana, Chelang'at akiwa amemshika.

Tukaazima pickup ya kumpeleka Soin. Wanaume nyumbani tulikuwa wawili, mimi na jirani mmoja mzee, ambaye peke yake hangeweza kumbeba. Hivyo ndivyo nilivyoingia kile chumba. Nilipitisha mikono chini yake kumwinua, na shuka aliyolalia ilikuwa kavu kabisa.

Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini. Chelang'at anasema ilikuwa asante. Anasema hivyo kunituliza, namjua.

Sasa nimjibu mdau aliyeuliza. Ile twin tub ilitufulia zaidi ya miaka kumi na tano. Mkanda nilibadilisha mara mbili, hakuna kingine. Kabla hujauliza kampuni, uliza ni nguo za nani, ni ngapi kwa siku, maji yako yanafikaje, na jua lako likoje. Tafuta iliyokwisha kufanya kazi hiyo kwa mtu mwingine. Na yule anayefua nyumbani kwako mwulize mpaka akujibu. Akikwambia "ni mingi tu", usiondoke hapo alipo.

Najua humu kuna wengi waliokaa na wakwe wagonjwa, na wenye adabu kama yetu. Naomba mchangie, hata kama ni kunikosoa, nitasoma yote.

Hasa wale mlioitwa na mgonjwa mkasimama mlangoni kama mimi. Nyinyi mliingia?