Pepo Aliyetaka Mnazi

Mimi ni Mejumaa, wa Shika Adabu, Likoni. Watoao ushuhuda huanza kwa kushukuru. Nitashukuru, lakini baadaye. Kwanza nina hasira, na nisipozitoa zitanirudisha kwenye chupa.

Kabla ya maradhi nilikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Changamwe. Alfajiri navuka kwa feri, jioni narudi, nakuta mamangu amenifunikia chakula. Alikuwa mjane na mimi ndiye mwanawe wa pekee. Mikono yangu ilikuwa na sifa. Pindo nikilishona mimi, msimamizi halikagui.

Msinitafutie huzuni iliyonifanya ninywe. Haikuwapo. Siku ya mshahara wenzangu walipita mahali kabla ya kwenda makwao, nikafuatana nao, nikaonja, nikapenda. Mtoto wa Kiislamu, naam, na buibui likanifichia chupa. Ikawa kila Jumamosi, ikawa kila siku, kisha ikawa hata asubuhi, maana nisipopata nilitetemeka. Siku moja sindano ya cherehani ilitoboa ukucha wangu ikatokea upande wa pili, nami sikusikia uchungu. Msimamizi alikuja kunitoa kidole, akanusa pumzi yangu, akanionyesha mlango.

Nyumbani sikuwa na cha kunywa. Kesho yake mwili mzima ulitetemeka, jasho likinitiririka, meno yakigongana. Mamangu akamwita mdogo wake, Bi Rehema. Alinitazama mara moja tu.

"Dada, mtoto kapandwa na pepo," akasema.

Wallahi alijua. Chumba kizima kilinuka pombe. Lakini mwenye pepo huonewa huruma, na mlevi ni aibu ya ukoo. Basi wakachagua pepo.

Akaletwa mganga kutoka Mtopanga. Akafukiza ubani, akanifunika shuka nyeupe, akanishika kichwa. "Wewe uliye kichwani mwa mtoto huyu," akauliza, "wataka nini?"

Nikajibu, "Nataka pombe."

Ni mimi niliyejibu! Koo langu, sauti yangu, haja yangu. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Mganga akawageukia, akawaambia, "Huyu ni pepo wa bara, si Mwislamu. Mpeni mnazi, atatulia." Nikaletewa, nikanywa, nikaacha kutetemeka. "Mwaona?" akasema yule mwongo. Wakaona. Mamangu alilia kwa furaha.

Tangu siku hiyo mamangu, mwanamke asiyekosa sala, akawa anakwenda mwenyewe kwa mgema. Alirudi na mnazi chini ya buibui, akaninywesha huku akisoma dua, uso ameugeuza asisikie harufu. Nami nilinyamaza. Pepo wa namna hiyo, mlevi gani angemkataa?

Tumbo likajaa kama la mja mzito. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Macho yakawa manjano, choo kikawa cheusi kama lami. Bi Rehema alikuja, akalitazama tumbo, akasema, "Pepo huyu mkaidi." Hakuna aliyetaja hospitali.

Mamangu hakuugua. Alianguka akitia udhu, akafa papo hapo. Wanawake wakakusanyika kumwosha. Kwetu binti humwosha mamake, humpapasa kwa mara ya mwisho kwa mkono wake. Nilikunywa kidogo kwanza ili nisitetemeke nikaimwaga kata ya maji, kisha nikaingia. Bi Rehema akanusa, akanishika mkono.

"Toka. Mlevi haoshi maiti."

Mlevi! Miaka yote nilikuwa na pepo, siku ile ndipo nikawa mlevi. Nikasimama uani nikasikia maji yakimwagikia mamangu nyuma ya ukuta, mikononi mwa wengine. Hapohapo nikatapika damu, mabonge kwa mabonge, juu ya viatu vya waliokuja kutuzikia. Ndio walionibeba hospitali.

Daktari, mama wa makamo, alinibonyeza ubavu. "Nani alikwambia una pepo?"

"Mganga."

"Mimi naona ini linaloharibika. Ukinywa tena utamfuata mamako kabla ya arubaini yake. Na usijaribu kuacha peke yako nyumbani. Mwili uliozoea hivi, ukiunyima ghafla, unaweza kukuua."

Alisema kweli. Nilianguka kifafa wodini, nikauma ulimi, nikajikojolea. Niliona mende wakipanda ukutani na ukuta ulikuwa mtupu. Muuguzi alinibadilisha shuka bila kuniita jina baya. Kisha nikapelekwa Mishomoroni, kwenye nyumba ya kuwasaidia walevi, iliyojaa wanaume, maana wanawake kama sisi tunafichwa majumbani. Msimamizi wetu, Dada Kadzo, alinikuta nikipiga ukuta kwa ngumi.

"Kasirika, Mejumaa," akaniambia. "Kasirika sana. Ila usinywe."

Ndiyo dawa niliyoishi nayo. Leo nashona nyumbani, na mikono imetulia. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na muuguzi, na Kadzo. Nanyi mnaonisoma, mkimwona mtu anatetemeka asubuhi na akinywa anatulia, huyo hana pepo. Mpelekeni hospitali. Msiniambie habari ya sitara. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilichotufichua sisi kilikuwa cha mamangu. Sitapata tena kumwosha.

Juzijuzi Bi Rehema alinipigia hodi. "Mejumaa mwanangu, njoo umtazame Zainabu. Anatetemeka tangu asubuhi. Naona kama ni..."

Nilitaka kumfungia mlango, wallahi. Nikaenda kwa ajili ya Zainabu, binti yake wa mwisho. Alikuwa amejikunja kitandani, jasho limelowesha mto, na pembeni chetezo cha ubani kilikwisha kuwashwa. Nikakimwagia maji. Nikamshika kichwa, nikamwuliza vilevile nilivyoulizwa mimi, "Wataka nini?"

"Nataka pombe, dada."

Nikamgeukia mamake. "Nani amesema?"

Akatazama chini. Nikauliza tena, kwa sauti ya kusikika kwa majirani, "Bi Rehema, nani amesema?"

"Zainabu," akasema. "Ni mwanangu."

Akamvisha buibui, tukampeleka hospitali. Nilimchukia Bi Rehema njia nzima, na njia nzima sikuuachia mkono wa binti yake.