Mwanaisha na Kisu Siku ya Kupatwa kwa Jua

Nilikuwa bado sijavunja ungo mwaka ule jua lilipopatwa. Tulikaa Mbegani, nyumba ya baba yangu upande huu, ya ami yangu Shomari upande ule, na katikati yao nyumba ya bibi yetu, Bi Tatu, aliyezitawala zote tatu kwa ulimi. Miaka mingi imepita. Wengi nitakaowataja wameshatangulia mbele ya haki, na desturi yetu ni kuwasema marehemu kwa mema. Nitajaribu, lakini siahidi.

Habari za kupatwa zililetwa na tarishi wa bomani, aliyemkabidhi barua jumbe wetu. Jumbe Athmani alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi siku zote, na akili iliyopigwa pasi vilevile, haina hata kunjo moja. Siku tatu alizunguka kijijini akilitangaza jambo lile kana kwamba yeye na jua wamekaa wakakubaliana. Alikuwa na kipande cha chupa alichokifukiza kwa moshi wa kibatari ili atazamie, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Kwetu pwani mambo hayo yalikuwa na maelezo yake. Samaki mkubwa, chewa, hupanda mbinguni akalimeza jua, na watu wasipopiga vinu na madebe hatalitema. Muda huo mwanamke mwenye mimba hatoki nje, hatazami juu, na zaidi ya yote hashiki chochote chenye makali. Akikata kitu, basi amemkata mtoto aliye tumboni. Bibi aliyasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia kwamba chumvi huyeyuka majini.

Mwaka ule mwenye mimba katika ukoo wetu alikuwa mmoja tu: Mwanaisha, mke wa ami Shomari. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba. Alikuwa ametoka Mkange, na kosa hilo hakusamehewa. Wanawake wa Mbegani, ambao nusu yao babu zao walitoka bara vilevile, tena peku, walimwita mshamba na kuyacheka matamshi yake. Mimi nilimpenda. Alinisuka bila kunivuta nywele, na ndiye mtu mzima pekee aliyeyajibu maswali yangu mpaka mwisho.

Asubuhi ya siku yenyewe Bibi alikusanya visu, shoka, mbuzi ya kukunia nazi, hata sindano. Akamwingiza Mwanaisha chumbani kwake, akaniingiza na mimi nimchunge, kisha akaufunga mlango wa fito kwa kamba kutokea nje.

"Asitoke," akaniambia. "Akitoka, nitakuuliza wewe."

"Na haja ikinishika, Mama?" Mwanaisha akauliza kutoka ndani.

"Jizuie. Jua halipatwi siku nzima."

Kijiji chote kikateremka ufukweni. Wanaume walisali kwanza, kisha wakajiunga na wanawake, na sauti ya Jumbe ikawa juu ya sauti zote, ikiwaonyesha watu mahali jua lilipo, kana kwamba lilikuwa limewapotea. Vinu vikaanza, kisha madebe, kisha wimbo: "Chewa, tuachie jua letu! Chewa, tuachie!"

Chumbani mwanga ulianza kunywea. Jogoo akawika, kuku wakarudi bandani wakiwa wametahayari. Nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia watu hudhani natia chumvi. Makuti ya paa yalikuwa na vitundu, na kila siku vitundu vile viliangusha sakafuni madoa ya mwanga ya duara. Sasa madoa yote yalikuwa yamemegwa. Sakafu nzima ilijaa vimwezi vyembamba, na kimoja kilikuwa kimetua juu ya kanga ya Mwanaisha, tumboni.

"Tazama," akasema, akacheka. "Wamenifungia ndani nisilione, nalo limepita kwenye makuti yao mabovu."

Alikuwa bado anacheka tuliposikia harufu ya moshi.

Tulichungulia kwenye fito. Nyuma ya nyumba ya ami palikuwa na banda la jiko la Jumbe. Mtu alikuwa ameacha moto mafigani kwa haraka ya kwenda kuliokoa jua, na sasa ukuta mmoja wa makuti ulikuwa unawaka. Ndani ya banda mtoto alikuwa analia. Tuliijua sauti ile. Alikuwa Omari, mjukuu wa Jumbe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama. Walimlaza mle usingizini, wakaona si kitu, watarudi punde.

Tukapiga kelele. Tulipiga kelele mpaka koo likaniuma, na ufukweni wakazidisha madebe. Kijiji kizima kilikuwa kinamwomba samaki, hakuna hata mmoja aliyekuwa na sikio la ziada.

Mwanaisha akautikisa mlango. Kamba haikulegea.

"Kisu," akasema. "Hamkubakiza hata kimoja?"

Mimi nilijua kimoja. Ami Shomari alikuwa na kisu cha kuparia samaki alichokichomeka kwenye makuti, juu ya kitanda, na Bibi hakukiona. Nilipanda kitandani, nikakichomoa, nikampa. Nilimpa kwa mkono wangu huu wa kulia. Akapenyeza mkono katikati ya fito, akakata kamba, akatoka mbio na tumbo lake mbele. Aliingia bandani upande ambao haujashika moto. Alipotoka, Omari alikuwa ndani ya kanga, akikohoa, na nyusi za Mwanaisha zilikuwa zimeungua. Banda likaanguka nyuma yake. Juu yetu jua lilikuwa bado kipande.

Watu waliporudi walikuwa na furaha kubwa. Chewa alikuwa ametema, na Jumbe alikuwa anapokea shukrani. Wakakuta majivu. Mama yake Omari akalia, akamkumbatia Mwanaisha, akamwombea dua mbele ya watu wote. Bibi aliinama mlangoni kwa ami, akaiokota kamba, akaigeuza mkononi.

"Imekatwa," akasema. Basi.

Miezi miwili baadaye Mwanaisha alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kali, na mdomo wa juu umepasuka mpaka puani. Bibi alimpokea, akamfunika, akakaa chini ukutani. "Nilisema," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa amepatia, na sijaona mtu aliyeumizwa vile na kupatia kwake.

Wengine hawakuumizwa. Wale waliomwombea dua walikumbuka ghafla kwamba hata kabla ya hapo alikuwa mkaidi. Dada zake ami walisema damu ya bara haisikii. Baada ya arubaini Jumbe akaita watu barazani kwake, na mimi nikaitwa pia, nikavaa gauni langu la Idi. Ami Shomari alikuwa amekaa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mwanangu," Jumbe akaniambia kwa upole, "wewe ulikuwa mle ndani. Mke wa ami yako alishika kisu, hakushika?"

"Alishika."

"Akakata?"

"Alikata kamba."

"Mmesikia," akawaambia watu. "Huyu ni mtoto mkweli."

Aliyasema hayo huku Omari amekaa mapajani mwake, anatafuna tende. Wazee kumi na zaidi walikuwa pale, na wote walimwona mtoto yule, na wote waliyajua majivu yale. Hakuna aliyeuliza kamba ilikatwa kwa sababu gani. Hakuna aliyeuliza kisu kilitoka wapi. Mimi nilikuwa na majibu yote mawili mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshaitwa mkweli mbele ya wanaume wazima, na utamu wake ulinitosha.

Ami alitoa talaka wiki ileile. Mwanaisha akaondoka kwa miguu kuelekea Mkange, mtoto mgongoni. Hakuniaga, na sikutoka nje ili aniage.

Miaka michache baadaye mtoto mwingine alizaliwa Zinga na mdomo wa namna ile. Jua halikuwa limepatwa, wala mwezi. Watu wakatafuta wakagundua kwamba mama yake aliwahi kumcheka kilema. Wangekosa hilo, wangepata lingine. Sijapata kuona watu wavivu wa kila kazi wakawa hodari hivyo wa kazi moja.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilikwenda Mkange. Mwanaisha alikuwa ameolewa tena na ana shamba la mihogo. Mwanawe, Salehe, alinikaribisha kwa kicheko kikubwa. Maneno yake yalipitia puani, na baada ya muda nikasahau kulisikia hilo. Tulipobaki wawili nilimwambia mama yake kwamba ni mimi niliyempa kisu, na kwamba barazani nilinyamaza.

"Najua ni wewe uliyenipa," akasema. "Si nilikuwepo?"

Akaendelea kumenya mihogo. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto."

Nililishukuru neno lile, lakini sikulitumia kujitetea. Bibi yangu simdharau, kwa kuwa aliogopa kweli na alilia kweli. Waliopiga madebe pia siwadharau. Giza linapoingia asubuhi, mtu hupiga alichonacho. Ninayemdharau ni Jumbe, aliyempakata mjukuu wake huku akiuliza habari za kisu. Ninamdharau ami yangu na vidole vyake vya miguu, na wote waliojua wakaona uzito kusema. Na kila nikiwahesabu nafika kwa yule msichana aliyesifiwa ukweli. Hapo nasita kidogo, kwa sababu ni mdogo, na amevaa gauni lake la Idi ili apendeze mbele za watu. Kisha namweka pamoja nao.