Mjomba Aliyekabidhiwa Bia

Mdogo wangu Otuoma alipoacha pombe, mtaa wetu wote hapa Butimba ulifurahi, kila mtu kwa namna yake. Mke wa mchungaji alimtaja kwenye maombi. Mama muuza gongo alisema, "Mungu mkubwa," kisha akauliza nani sasa atakaa pale kwenye benchi lake. Mimi, dada yake Roza, nilipata mtu wa kumenya viazi. Maana jioni ndiyo inayomtesa. Jua likianza kushuka anafunga karakana yake ya kuchomelea mageti, miguu inataka kwenda kule ilikozoea, na yeye anaigeuza kwa nguvu mpaka jikoni kwangu. Anamenya, anakunywa chai, anatafuna karanga, ananigombeza kuhusu chumvi. Watu wakimuuliza, "Umeshapona kabisa, siyo?" anajibu, "Kabisa." Kila Jumamosi anakwenda kwenye kikundi cha wenzake walioacha, wanakaa wanaambiana ukweli. Ukweli wake anausemea huko tu.

Sasa binti yangu Princess akapata mchumba, kijana wa Geita, nasi tukaunda kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Mwenyekiti alikuwa jirani yetu Mzee Luhende, Msukuma wa Kisesa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kikao kilikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye vinywaji. Sherehe za kwetu bia huisha kabla ya chakula, na anayeshika stoo ndiye wa kwanza kulewa. Luhende akatutazama mmoja mmoja. "Hapa anatakiwa mtu asiyekunywa," akasema.

Tulikuwa nao wawili. Jirani yangu Mastura hajaonja pombe tangu azaliwe, lakini ni Mwislamu, na kumpa ufunguo wa bia tukaona ni kumvunjia heshima. Heshima ya Otuoma haikujadiliwa.

"Otuoma!" Luhende akanguruma. "Nani mwingine kama siyo Otuoma?"

"Weee, unamkabidhi fisi bucha!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Fisi huyu kaacha nyama," Luhende akajibu. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikafungua mdomo nikatae, nikamwona mdogo wangu. Alikuwa amenyoosha mgongo. Miaka yote ile hakuna aliyempa hata kibiriti ashike, na leo ukoo mzima unamtaka yeye. "Nitashika," akasema. Nikafunga mdomo wangu.

Ombi lake lilikuwa moja: MC akiwaita wajomba kutoa zawadi, naye atoke aende kumtunza Princess. Alikuwa amemchomelea jiko la mkaa lenye maua ya chuma pembeni, kazi ya wiki nzima, na alitaka kulifikisha mwenyewe mikononi mwa mpwa wake, kama mjomba yeyote yule. Luhende akasema hilo halina shida hata kidogo.

Siku yenyewe ikaangukia Jumamosi, kwa hiyo kikundi alikikosa ili akalinde bia. Wakwe walivuka daraja la Busisi wakafika ukumbini kabla wali haujaiva. Enzi za kivuko tungepata muda wa kujipanga! Katika hekaheka hizo nilimwona Otuoma mara moja tu, nilipompelekea sahani ya chakula kule stoo. Chumba hakina dirisha, makreti yamepangwa hadi darini, chupa kadhaa zimevunjika, na harufu ile inakupokea mlangoni. Alikuwa amekaa juu ya kreti, jiko lake mapajani, jasho linamtoka.

"Uko salama?" nikamuuliza.

"Kabisa, dada."

MC akawaita wajomba. Otuoma akatafuta wa kumwachia ufunguo, na kila aliyenyoosha mkono alikuwa anapepesuka. Akafunga stoo, akatia ufunguo mfukoni, akaingia kwenye mstari wa wajomba, jiko kichwani, anacheza. Jamani, alivyocheza! Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma.

Hajafika katikati ya ukumbi, kelele zikaanzia nyuma. Stoo imefungwa! Otuoma haonekani! "Amerudia huyo! Kazibeba!" Wanaume ambao msibani hawanyanyuki hata kubeba viti wakatoka mbio kumsaka nje. Luhende ndiye aliyemwona, pale mbele ya macho yetu wote. Akamshika bega, akamvuta nje ya mstari, akasogeza pua yake mdomoni mwa mtu mzima mwenzake. MC naye, kwa umbea, akawa amesogeza kipaza sauti.

"Hanuki," ukumbi mzima ukasikia.

Otuoma akabaki amesimama, ameshikilia jiko kichwani kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Kisha Luhende, kwa aibu na kwa moyo mwema kabisa, akachukua kipaza sauti: "Jamani, tumemwonea ndugu yetu. Apewe bia moja, ya baridi!"

Na watu wakapiga makofi!

Mama wa bibi harusi anatakiwa akae ametulia, apigwe picha. Sikukaa. Nilikwenda nikatia mkono mfukoni mwa mdogo wangu, nikatoa ufunguo, nikaenda kuufungua mlango wa stoo. "Haya, bebeni! Zikiisha, ziwa liko pale chini, lina maji!"

Bia zilikwisha kabla ya keki, na zilipokwisha wageni wengi nao wakaondoka. Luhende alininunia, mpaka leo salamu yake ni ya kukohoa. Lakini jiko lilifika. Princess alipiga magoti akalipokea, akamkumbatia mjomba wake, wakalia wote wawili, nami nikalia.

Kesho yake jioni Otuoma akaja jikoni kama kawaida, akajimiminia chai. Nilikuwa nimekaa na swali kutwa nzima.

"Kule stoo," nikamwambia, "ulitamani?"

"Kila dakika."

"Sasa mbona nilipokuuliza ulisema uko salama?"

Akapuliza chai yake kwanza.

"Dada, ningesema natamani, mngeninyang'anya ufunguo."