Mtandio wa Munirah

Oloo alimwona Munirah kwa mara ya kwanza Desemba, siku msichana huyo alipokuja soko la Kamwokya kumsaidia shangazi yake Ayesha kuuza vikapu dukani wakati wa likizo. Oloo, kijana wa Kisumu, alikuwa akipika chapati kwenye kibanda jirani. Munirah alinunua moja, akaila papo hapo, akasema imezidi chumvi. Kesho yake akarudi kununua mbili. Likizo nzima wakawa wanataniana toka kibanda hadi duka, na aliporudi kwao Bombo, Oloo alipoteza hata hamu ya kusikiliza mpira.

Aprili Munirah alirudi, lakini safari hii aliandamana na kijana mrefu aitwaye Jibril.

“Shemeji, chapati nne,” Jibril alimwambia Oloo siku ya kwanza tu, akicheka. Oloo aliona ni dharau ya mtu aliyekwisha kushinda.

Hilo angelimeza. Kilichomkaba ni mtandio. Alipopeleka chapati, alimkuta Munirah nyuma ya duka akisuka kikapu, kichwa wazi, Jibril kando yake akimchagulia ukindu. Munirah alipomwona Oloo, aliuvuta mtandio haraka akajifunika hadi kwenye paji la uso. Yaani mbele ya yule yuko huru, mbele yangu anajificha. Mchana ule Oloo aliunguza chapati sita.

Siku ya tatu Munirah na Jibril walipokuja, aliwaambia chapati zimekwisha.

“Na hizo?” Munirah aliuliza, akionyesha rundo.

“Za wateja.”

“Mimi ni nani?”

“Muulize mchumba wako. Si ndiye anayeziona nywele zako.”

Jibril alicheka hadi akaketi chini. Munirah hakucheka. Aligeuka akarudi dukani, na kwa siku mbili hakutazama upande wa kibanda.

Ayesha ndiye aliyemhurumia Oloo. “Mwanangu,” alisema, “Jibril alizaliwa mama yake akiwa mgonjwa. Wifi yangu, mama Munirah, ndiye aliyemnyonyesha pamoja na binti yake. Kwetu sisi Wanubi walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani kamwe. Ndiyo maana hamfichi nywele. Wewe anakuficha kwa sababu si ndugu yake. Hufurahi?”

Oloo hakujua aweke wapi uso wake. Asubuhi ya Munirah kuondoka, alimkuta kando ya barabara akisubiri gari, Jibril akipakia mizigo.

“Nisamehe,” Oloo alisema. “Niliona wivu.”

“Soko zima lilikuona.”

“Utarudi?”

Munirah alipanda, akakaa dirishani, na gari lilipoanza kusogea ndipo akainama.

“Mama alinituma nikualike Idi. Sijakualika bado, Oloo. Nataka kwanza uwaze mwezi mzima kwamba nimemwalika mtu mwingine.”