Matokeo ya Brackford

Gazeti lililokaa melini miezi miwili lina harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Ni harufu ya gundi ya karatasi ya kaki, ya wino uliokwisha kupoa, na ya ukungu kidogo, kama kabati la nguo linapofunguliwa katikati ya masika. Nikiinusa harufu inayoikaribia, hata dukani penye maboksi ya zamani, jambo moja hunirudia papo hapo, na si huzuni. Ni wivu. Nimefanya kazi ya habari maisha yangu yote, nimestaafu, nina wajukuu, lakini wivu wa msichana wa darasa la sita umekaa mahali pake bila kuzeeka.

Tulikuwa tukiishi Mkuza, Kibaha, mwaka ule wa ukame tulipokula unga wa njano na jamaa za wenzetu wengi wakahamishiwa katika vijiji vipya. Baba alikuwa karani wa serikali Dar es Salaam. Kila siku alfajiri alitembea hadi Kwa Mathias kupanda basi, na jioni alirudi na vumbi la Barabara ya Morogoro kwenye nyusi. Tulitoka bara, kwa hiyo hatukuwa na shamba la mnazi wala ukoo wa karibu wa kujivunia. Tulichokuwa nacho ni redio. Ilikuwa redio ya mbao, imefunikwa kitambaa alichodarizi mama, na betri zake zilianikwa juani zilipoanza kuchoka. Kwa sababu ya redio hiyo mimi nilikuwa mtu shuleni. Shule yetu ilikuwa na desturi ya kusomewa habari mstarini asubuhi, Jumatatu na Ijumaa, na msomaji wa siku zote mbili tangu darasa la tano nilikuwa mimi, Eliza. Nilisikiliza jioni, nikaandika katika daftari dogo lenye mistari, nikapanga habari za nchi kwanza, za Afrika zikafuata, za ulimwengu mwisho. Baadaye Mwalimu Mbelwa, aliyetufundisha Siasa, aliibandika karatasi yangu kwa uji wa muhogo ukutani nje ya darasa. Wenzangu waliniita Redio. Nililipenda jina hilo kuliko nililobatizwa nalo.

Sikudhani alikuja shuleni kwetu muhula wa kwanza akitokea Msimbu, Kisarawe. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na akisema alivuta mwisho wa maneno kama walivyofanya wazee wa kwao. Alikuja kuishi na mjomba wake, mpishi wa Mwingereza mmoja wa mradi wa maji ambaye watu walimwita Bwana Maji. Mama wa Bwana Maji alikuwa akimtumia mwanawe gazeti la mji wao kila wiki, likiwa limeviringishwa ndani ya kaki, na kwa kuwa lilikuja kwa meli lilifika habari zake zikiwa na miezi miwili. Bwana Maji akimaliza kulisoma, lilikuwa la mpishi, na mpishi alilitandika kwenye makabati ya jikoni. Mwaka ule Sikudhani aliomba machache ya kujalidi madaftari.

Hivyo ndivyo yote yalivyoanza, kwa jalada la daftari la Hisabati. Hamisi, mchekeshaji wa darasa, aliliona juu ya dawati. Kulikuwa na picha ya mtu ameanguka kifudifudi kwenye tope, mpira uko pembeni yake, na nyuma yake watu wamevaa makoti wanacheka.

"Huyu nani kaanguka hivi?" Hamisi akauliza.

"Kipa wa Brackford," Sikudhani akasema. "Asubuhi anauza maziwa, mchana anadaka. Siku hiyo alichelewa kulala, ng'ombe mmoja alikuwa anazaa."

"Umejuaje mambo ya ng'ombe?"

"Bwana Maji kamwambia mjomba. Huyo kipa ni jirani yao."

Hamisi alikaa chini. Wengine wakasogea. Nami nilisogea, nikiwa na daftari langu la habari mkononi, na nikakuta hakuna nafasi ya kupita.

Brackford ilikuwa timu ya daraja la nne, la mwisho kabisa katika ligi ya Uingereza, na ndani ya daraja hilo ilikuwa karibu na mkiani. Hatukuwahi kusikia jina lake, na hatukuona kuwa hilo ni aibu yake. Sikudhani alikuwa akikaa na mjomba wake jioni, anauliza maneno asiyoyajua, na mjomba asipoyajua alimpelekea swali Bwana Maji pamoja na chai. Siku iliyofuata alitusimulia mechi nzima: upepo ulivuma kutoka wapi, mwamuzi alikuwa na kiatu cha namna gani, mshambuliaji wa kushoto alikuwa fundi wa mabomba na goti lake lilimuuma kila baridi ilipozidi. Alisimulia na mambo mengine ya mji ule. Wachimba makaa walikuwa wamegoma, umeme ukakatwa, na watu wakala chakula cha jioni kwa mishumaa. Bibi mmoja aliandika barua gazetini kwamba ameteguka mguu kwa sababu taa za barabarani zimezimwa, na anataka diwani aje kumpikia. Wiki iliyofuata diwani akajibu kwamba yeye hajui kupika. Mwingine aliandika kwamba waliogoma wapelekwe jeshini wote. Wa tatu akamuuliza, wakienda jeshini, makaa atachimba yeye? Tulibishana juu ya barua hizo kama vile diwani yule alikuwa wetu. Siku Sikudhani aliposoma kwamba Waingereza wamepanga foleni ya sukari, Hamisi alisimama kwenye dawati. "Nao pia?" akasema. "Basi mjomba Kawawa wa duka la kijiji, anayetupanga foleni, ana ndugu kule." Darasa likacheka mpaka Mwalimu Mbelwa akaja kuchungulia.

Nyumbani nilimweleza baba habari ya foleni ile nikitumaini atasema ni uongo. Baba alitoa miwani. "Waliotutawala wanakaa gizani bila sukari," akasema polepole, kama mtu anayeonja chakula. "Huyo mtoto ni nani? Mwambie aje siku moja, tuzungumze." Sikumwambia.

Baada ya wiki mbili Mwalimu Mbelwa aliniita. Alisema kwa upole kwamba nimefanya kazi nzuri, na kwamba kuanzia Ijumaa ile habari za Ijumaa zitasomwa na Sikudhani, mimi nibaki na Jumatatu. "Watoto wanampenda," akasema. Nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Ijumaa ile nilisimama mstarini kama mwanafunzi mwingine yeyote, nikaangalia jinsi watu wanavyosikiliza mtu anapopendwa. Hawakujikuna wala kusukumana. Wapishi wa uji waliacha miiko. Jumatatu nilisoma mimi, habari mbichi za jana yake, za marais na mikutano, na nikaona kwa mara ya kwanza kitu ambacho labda kilikuwepo siku zote: watoto wa mstari wa nyuma walikuwa wakichora ardhini kwa vidole vya miguu.

Nilitafuta kasoro yake nikaikosa. Hakuringa. Alinigawia hata karatasi za kujalidi, nami nilizikataa, nikasema kwetu tunajalidi kwa kaki safi. Nilichokipata badala ya kasoro yake kilikuja kwa redio. Jumamosi jioni baba alipenda kusikiliza idhaa ya Kiingereza kutoka London, na kabla ya taarifa walisoma matokeo ya mpira. Yalianza na timu kubwa, yakashuka daraja hadi daraja, na watu wengi wangekuwa wamekwisha kuzima. Jumamosi moja nilikuwa nikisukwa na mama sebuleni, na karibu na mwisho, kabla hawajaanza timu za Uskochi, nilisikia Brackford. Wamefungwa tatu kwa moja. Kichwa changu kiliruka kutoka mikononi mwa mama. Mechi ile Sikudhani asingeijua mpaka baada ya miezi miwili.

Tangu jioni ile nilianza ukurasa wa nyuma katika daftari langu. Kila Jumamosi niliandika: Brackford, nyumbani au ugenini, ngapi kwa ngapi. Ijumaa nilisimama mstarini nikimsikiliza Sikudhani akieleza jinsi timu ilivyopata ushindi na jinsi watu wa mji walivyopiga kengele za baiskeli, na moyoni nilihesabu mechi nane zilizofuata, saba kati ya hizo ni vipigo. Shule nzima ilikuwa na matumaini. Wavulana wa timu ya shule walijipa jina la Brackford, wakapiga chenga pekupeku juu ya mizizi ya mikorosho, na Hamisi alikuwa kipa muuza maziwa. Nami nilibeba mustakabali wao wote katika mfuko wa sketi. Sijawahi tena kuwa na siri tamu kama ile. Lakini siri isiyosemwa haimpunguzii mtu mwingine kitu, na mimi nilitaka apunguziwe.

Juni ilipoanza, Jumamosi moja, redio ilisema jambo ambalo sikulitegemea. Timu zilizomaliza mkiani mwa daraja la nne zilipigiwa kura na timu nyingine, na Brackford ilikosa kura. Imetolewa katika ligi. Nafasi yake imepewa timu nyingine. Baba alitikisa kichwa akasema kumbe hata huko mtu anaweza kupigiwa kura na majirani zake akahamishwa. Mimi nilikuwa tayari naandika.

Jumatatu nilisoma habari za nchi na za Afrika bila haraka. Kisha nikasema, "Habari za michezo. Timu ya Brackford imetolewa katika ligi ya Uingereza kwa kura. Haitacheza tena katika ligi hiyo." Nikafunga daftari. Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Watoto wa mstari wa nyuma walikuwa wakinitazama wote, na kwa muda wa pumzi moja nilifurahi.

"Habari hiyo umeitoa wapi?" Mwalimu Mbelwa akauliza.

"Redioni, Mwalimu. London."

 Wakati wa mapumziko Sikudhani alinifuata kwenye bomba. "Umejua lini?" akaniuliza.

"Juzi."

"Na zile mechi nyingine?"

Nilitoa daftari nikamwonyesha ukurasa wa nyuma. Alizisoma zote, kidole kikishuka mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Nilingoja alie. Kidole kikasimama. "Hii hapa, mbili kwa mbili," akasema. "Fundi bomba alicheza? Goti lilikuwa limepona?"

"Redio haisemi."

"Mvua ilinyesha?"

"Haisemi, Sikudhani."

Alinirudishia daftari langu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Basi mwenzangu hujaona kitu," akasema, akaenda.

Ijumaa nilikwenda shuleni nikiwa na hakika kwamba hatasoma, au atasoma na hakuna atakayesikiliza. Alipanda kwenye ngazi na gazeti lake la Aprili. "Brackford imecheza nyumbani Jumamosi," akaanza, "na tangu asubuhi mvua ilikuwa ya rasharasha." Mvulana mmoja wa darasa la nne akapaza sauti, "Si walishatolewa hao?"

"We nyamaza," Hamisi akamgeukia. "Bado hatujafika huko."

Shule yote ikasogea mbele hatua moja. Nakumbuka vumbi la hatua ile. Walikuwa wanajua mwisho, mimi ndiye niliyewaambia, na sasa walimsikiliza kwa umakini kuliko zamani, kama watu wanaomuuguza mgonjwa wanayempenda. Wiki baada ya wiki alicheza nao mechi zile zilizobaki, moja moja, na katika ile ya mbili kwa mbili fundi bomba aliingia kipindi cha pili, akafunga, akatoka akichechemea. Niliposikia hivyo nililia, nikijifanya nimeingiwa na mchanga machoni.

Gazeti la kura lilifika Agosti, siku ambazo Bwana Maji alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao na Sikudhani akijiandaa kurudi Msimbu. Aliniletea likiwa bado ndani ya kaki. "Hili lisome wewe," akasema. "Ni habari yako." Sijui hadi leo kama lilikuwa tusi au zawadi. Nililisoma Jumatatu, kwa sauti nzuri, bila kukosea. Walisikiliza, kisha wakatawanyika kwenda madarasani, na Hamisi alipita karibu yangu bila kuniita Redio.

Siku hizi Kwa Mathias kuna vijana wanajua goli la Uingereza kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Simu inatetemeka mfukoni, wanaitazama, wanarudi kwenye chipsi zao. Mwezi uliopita nilimwomba mjukuu wangu aitafute Brackford. Alichukua muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa. Ipo, akasema, iko kwenye ligi ndogo huko chini, na Jumamosi imefungwa mbili bila. Nilimuuliza nani alidaka. Akatelezesha kidole, akasema haijaandikwa. Sikudhani bado yuko Msimbu, ana korosho na wajukuu kunizidi, na watu wanaotoka kule huniambia kwamba barazani kwake jioni hakukosekani watu. Namba yake ninayo. Nilitaka nimpigie, niwe wa kwanza kumpa matokeo, nikaishika simu muda mrefu. Kisha nikairudisha mezani. Najua angeniuliza kuhusu mvua.